Pengo Katika Damu ya Gerson

Gerson aliacha pombe mwaka ambao binti yake Evodia aliingia kidato cha kwanza, na watu wa Nkuhungu, Dodoma, waliomjua kabla ya hapo walikawia kuamini. Alikuwa fundi wa kuchomelea, mageti na madirisha ya nondo, mkono wake mzuri sana. Lakini enzi za ulevi wake, ukimpa kazi ilibidi umfuate grosari anakonywa ukamwamshe. Kisha akaokoka. Jumapili moja mkewe, Yudith, alishika kipaza sauti kanisani, akasema mbele ya watu wote kwamba Mungu amemrudishia mume wake. Akinamama wakapiga vigelegele. Tangu hapo mwanamke yeyote wa kanisa lile mwenye mume mlevi alielekezwa kwa Mama Evodia akaombewe, na Yudith hakumkatalia mtu.

Miaka ikapita, na Abeli, kaka mkubwa wa Gerson, akafariki kwao Mlali, wilayani Kongwa.

Abeli ndiye aliyemlea Gerson baada ya wazazi wao kufa. Alimfundisha kuchunga, akamtandika alipopoteza ndama, akauza ng'ombe ili mdogo wake asomee ufundi. Gerson alilia kaburini mpaka wajomba wakamshika mabega. Baada ya mazishi wanawake walirudi jikoni kusonga ugali wa wageni, na wanaume wakahamia nyuma ya nyumba kwenye kivuli cha ukuta. Yudith alipopita na ndoo ya maji aliwaona wameizunguka galoni ya plastiki. Elieza, mtoto mkubwa wa marehemu, kijana mwenye mke na watoto wawili, ndiye aliyekuwa akimimina. Gerson alikuwa katikati yao, kikombe cha bati mkononi, kichwa kimeinama.

Yudith aliendelea na ndoo yake. Msibani watu hawagombani. Walipolala kwenye jamvi Gerson aligeukia ukutani, lakini harufu ya gongo haina mgongo. Kesho tutaongea, Yudith alijiambia. Kesho yake walipanda basi kurudi Dodoma na hawakuongea, kwa sababu Gerson alikuwa amenyamaza ule unyamavu ambao mke hauingilii. Alitazama dirishani njia nzima, akiangalia mashamba ya alizeti yaliyokauka, na mara moja tu alisema, "Kaka alikuwa anapenda sana mlenda wa mama." Yudith akamshika mkono.

Asubuhi iliyofuata Gerson aliamka analalamika tumbo na kichwa. Alitapika uani. Yudith akamletea uji wa ulezi, akamwona anapapasa hewani na kikombe kiko mbele yake.

"Umeme umekatika?" Gerson aliuliza.

"Umeme gani, Baba Evodia? Jua limeshatoka."

"Naona weupe mtupu. Kama mtu amenimwagia unga machoni."

Evodia alikimbia kwa jirani kuomba maziwa, maana nyumba nzima ilijua dawa ya macho yaliyopigwa na moto wa kuchomelea: matone ya maziwa na kitambaa cha maji baridi. Walimtia maziwa, wakamfunika kitambaa, hayakusaidia. Kisha pumzi yake ikaanza kubadilika. Hakukohoa, wala kifua hakikukoroma. Alivuta hewa ndefu, nzito, moja juu ya nyingine bila kupumzika, kama mtu aliyepanda mlima mbio, naye amelala kitandani.

Yudith aliita bajaji. Njiani kuelekea hospitali Gerson alimlalia begani, na kati ya pumzi mbili alimwita kwa jina ambalo hakuna mwingine aliyemwita nalo.

"Yudi."

"Nipo."

"Usiwaambie."

Yudith alijua anachosema, lakini alitaka kumsikia akitamka mwenyewe.

"Nilikunywa kwa ajili ya kaka tu. Siku ile moja. Kanisani wasijue. Hata mtoto asijue. Niahidi."

"Utapona kwanza, mambo mengine baadaye."

"Niahidi, Yudi."

"Nimekuahidi," alisema Yudith, na akamfuta jasho kwa ncha ya kanga.

Daktari aliyewapokea alikuwa mwanamke mdogo kwa umri, Asma, Mrangi wa Kondoa, mtandio umefungwa vizuri na macho yanaonyesha kazi aliyokwisha kuifanya tangu alfajiri. Alimwamkia Yudith shikamoo, akaweka kiganja kwenye kifua cha Gerson, akasimama hivyo kwa muda akihisi pumzi ile inavyopanda na kushuka. Gerson tayari alikuwa anajibu nusu ya maswali na nusu nyingine anaisahau.

"Ana kisukari, mama? Presha? Figo zimewahi kumsumbua?"

"Hapana, daktari."

"Amekunywa dawa yoyote? Ya dukani, ya kienyeji, ya kuchemsha?"

"Hapana."

"Anatumia pombe?"

Yudith alimtazama mumewe. Gerson alikuwa amefumba macho, lakini vidole vyake vilikuwa vimeushika upindo wa kanga yake na havikuuachia.

"Mume wangu ameokoka," alisema.

"Naelewa, mama. Ila anatumia?"

"Hatumii."

Asma aliandika hivyo. Aliuliza habari za macho, akaambiwa ni fundi wa kuchomelea, akaitikia kwa kichwa. Mji ulikuwa unajengwa kila kona na mafundi wa namna hiyo aliwaona kila wiki. Akaagiza vipimo. Malaria haikuwepo. Sukari ilikuwa ya kawaida. Picha ya kifua ilitoka safi. Aliamua kwamba huenda ni maji yaliyopotea kwa kutapika, akamtundikia dripu, akatuma damu maabara ipimwe chumvi zake.

Yudith aliketi kwenye benchi la nje ya wodi. Simu iliita; alikuwa mke wa mchungaji, anauliza hali ya mgonjwa ili wamuombee. "Ni tumbo na macho," alijibu Yudith. "Ni haya mambo ya kuchomelea." Alipokata simu alijaribu kuamini alichosema. Kichwa ni cha msiba. Tumbo ni la chakula cha msibani, watu wengi, sufuria kubwa, mtu hajui maji yalitoka wapi. Muuguzi alipita mbele yake mara kadhaa na kila mara Yudith alifungua mdomo, kisha akaufunga. Alikuwa ametoa ahadi kwa mtu ambaye haoni. Aliona kuivunja mbele yake, naye haoni hata ni nani anayeambiwa, ni kama kumwibia kipofu.

Majibu ya chumvi yalirudi mchana. Asma aliyasoma akiwa amesimama kwenye meza ya wauguzi, kalamu mdomoni. Sodiamu mia na thelathini na tisa. Kloraidi tisini na tisa. Bikaboneti sita. Ile sita ilimfanya atoe kalamu mdomoni. Bikaboneti ndiyo inayozuia damu isiwe na asidi, na mtu mzima hutakiwa kuwa na ishirini na kitu. Alijumlisha ya pili na ya tatu, akapata mia na tano. Akatoa kwenye ile ya kwanza. Akafanya hesabu upya nyuma ya karatasi, si kwa sababu ilikuwa ngumu, ila kwa sababu hakupenda jibu. Halafu akaenda moja kwa moja kitandani, akawasha tochi mbele ya macho ya Gerson. Mboni zilikuwa zimetanuka na mwanga haukuzisogeza.

Alitoka nje akaketi kwenye benchi karibu na Yudith.

"Mama, nataka nikueleze kitu, halafu nitakuuliza tena. Usinichukulie vibaya."

"Sema tu, mwanangu."

"Damu ina chumvi za aina mbili, na lazima zilingane, kama mizani pale sokoni. Upande mmoja tunapima sodiamu. Upande wa pili tunapima kloraidi na bikaboneti. Kila mtu ana tofauti ndogo katikati, kwa sababu kuna vitu vingine hatuvipimi. Tunaiita pengo. Kwa mtu mwenye afya pengo ni kama kumi, kumi na mbili. La mzee ni thelathini na nne."

"Ndiyo kusema nini?"

"Ndiyo kusema kuna asidi imejaa mwilini mwake, na haikuletwa na kutapika. Hata kama angekuwa anaharisha, bikaboneti ikishuka, kloraidi ingepanda ikajaza nafasi, pengo likabaki dogo. Yake haikupanda. Kuna kitu kingine kimekaa pale ambacho mashine yetu haikitaji jina. Ndicho kinachomfanya apumue vile. Mwili unajaribu kuitoa asidi kwa pumzi, na unachoka."

Yudith alikuwa anatazama sakafu.

"Sukari si yenyewe, tumepima," Asma aliendelea kwa sauti ya chini. "Figo zake zinafanya kazi. Homa hana. Vinavyobaki ni vichache, na kuna kimoja kinachopofusha. Mama, mara ya mwisho amechomelea lini?"

"Kabla ya msiba. Wiki iliyopita."

"Moto wa kuchomelea huuma macho siku ileile au usiku wake. Yanakuwa mekundu, yanatiririka machozi. Yake ni meupe kabisa."

Ndipo Yudith alipojifunika uso kwa kanga. Maneno yalitoka ndani ya kitambaa, Asma akalazimika kuinama ili ayasikie.

"Alikunywa msibani. Gongo. Nilimwona kwa macho yangu. Aliniomba nisiseme, daktari, nikamwahidi. Aliacha zamani, nakuapia aliacha, ilikuwa kwa ajili ya kaka yake tu."

Asma hakumlaumu. Aliweka mkono mgongoni mwake, na alipouliza tena aliuliza haraka, kama mtu anayetafuta ufunguo huku mlango unawaka moto. Ilikuwa kwenye chombo gani? Ilitoka wapi? Siku gani? Kisha akauliza swali ambalo Yudith, katika kuhangaikia ahadi yake, hakuwa amelifikiria hata kidogo.

"Na wengine waliokunywa naye wako wapi?"

Asma alimweleza kwa maneno machache. Kuna wauzaji wanaoongezea spiriti ya viwandani kwenye gongo ili iwe kali. Spiriti ile mtu akiinywa haimdhuru palepale. Ini ndilo linaloigeuza kuwa asidi, polepole, na asidi hiyo hula mishipa ya macho na kusimamisha pumzi. Gongo yenyewe iliyochanganywa nayo ndiyo iliyoichelewesha, kwa sababu ini hushughulika na pombe ya kawaida kwanza. Tayari alikuwa ameagiza dripu ya kupunguza asidi, na ameshapiga simu chumba cha mashine ya kusafisha damu. Mashine zote zilikuwa na wagonjwa, wangempokea ya kwanza ikiachia. Dawa yenyewe ya sumu hiyo haikuwepo.

"Lakini kuna njia," alisema Asma, "na nitakuomba kitu kigumu. Stoo yetu haina. Nenda hapo nje ukanunue pombe kali ya kiwandani, iliyofungwa, yenye lebo. Tutampa kwa mpira wa puani. Ini likishughulika na hiyo, litaiacha ile nyingine itoke bila kuwa sumu."

Yudith alimwangalia kana kwamba hakusikia.

"Nikamnunulie pombe? Mimi?"

"Wewe, mama. Mimi nikitoka, hakuna wa kubaki naye."

Grosari ilikuwa ng'ambo ya barabara, viti vya plastiki vyekundu na redio imefunguliwa kwa sauti kubwa. Yudith aliingia akiwa na kitenge cha umoja wa akinamama, chenye msalaba kifuani, na wanaume waliokuwa wamekaa walinyamaza. Mwenye grosari, mwanamke mnene aitwaye Tabu, aliinuka haraka akiwa na wasiwasi. Akinamama wa vitenge vile huja kuhubiri tu.

"Bwana asifiwe, mama. Karibu maji?"

"Nipe pombe kali. Ile kali kabisa. Chupa kubwa, isiyofunguliwa."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Tabu hakucheka. Alitazama macho ya Yudith, akafungasha chupa kwenye gazeti na kuitia ndani ya mfuko mweusi bila kuuliza kitu, akasema, "Pole, mama. Mungu akusimamie."

Yudith alisimama nje ya grosari ile, mfuko umebanwa kwapani, akampigia Ruthu, mjane wa Abeli.

"Mbukwa, Mama Elieza," alimsalimu kwa Kigogo. "Elieza yuko wapi?"

"Amelala tangu asubuhi. Anasema kichwa. Nadhani ni uchovu wa msiba."

"Muulize kama anaona vizuri."

Alisikia hatua za Ruthu, mlango, sauti ya kijana kwa mbali. Ruthu aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imepungua.

"Anasema kuna ukungu."

"Mchukueni sasa hivi. Pikipiki, gari la mtu, chochote, mleteni hospitali. Na wote waliokunywa kwenye galoni ile nyuma ya nyumba, hata anayejisikia mzima. Nenda kwa mtendaji wa kijiji, nenda kanisani wafungue kipaza sauti. Ile haikuwa pombe, ilikuwa sumu. Gerson haoni na anakata pumzi."

Ruthu alianza kulia. "Nitawaambiaje watu, Yudith? Kwamba tumewanywesha sumu kwenye msiba wa mume wangu? Nani atakiri alikunywa? Wengine ni wazee wa kanisa."

"Waambie ni mimi niliyesema," alijibu Yudith. "Nitaje jina. Sema Yudith, mke wa Gerson, yule aliyeshuhudia mume wake ameokoka, anasema mume wake alikunywa na sasa amepofuka. Wakisikia Gerson ametajwa, nao watajitaja."

Alirudi wodini. Asma alikuwa ameshapitisha mpira puani mwa Gerson na kuufunga kwa plasta. Alifungua chupa, akachanganya na maji kwenye kikombe cha kupimia, na harufu ikaenea kitandani, ile harufu ambayo Yudith aliifukuza nyumbani kwake kwa maombi na kufunga. Asma aliishikilia chupa mbali na mwili wake.

"Sijawahi kuishika maishani mwangu," alisema, kana kwamba anajiambia. "Kwetu hata chupa tupu haiingii ndani."

"Hata mimi si rafiki wa pombe," alisema Yudith.

"Nishikie kikombe, mama. Wima hivyo."

Basi wale wanawake wawili, mmoja na mtandio wake na mwingine na msalaba wake kifuani, wakainama juu ya Gerson wakaimimina pombe ndani ya mpira kwa bomba la sindano, kidogo kidogo. Gerson aligeuza kichwa. Huenda ladha ilipanda kooni, huenda ilikuwa harufu. Alisema neno moja, "Hapana," waziwazi, kama mtu anayemkatalia rafiki wa zamani mlangoni.

"Ni dawa, Baba Evodia," Yudith alimwambia sikioni. "Mimi ndiye ninayekupa. Haihesabiwi. Pokea."

Akatulia. Lile neno "Hapana" likawa la mwisho kwake.

Alasiri mashine moja ikaachia, wakampeleka. Wakati huohuo magari yalianza kufika kutoka Kongwa: kwanza Elieza amelazwa nyuma ya pikapu, kisha wanaume wengine wanaongozwa kwa mikono na wake zao, na wengine wanatembea wenyewe wakiona haya, wanasema hawana tatizo lolote ila wamesikia tangazo. Mzee mmoja wa kanisa alikiri mbele ya mkewe, aliyekuwa hajui, na mkewe akampiga kibao kwanza halafu akamkumbatia. Asma aliwachukua damu wote akafanya hesabu ileile kwa kila mmoja, na kwa pengo la kila mmoja alijua nani aende kwenye mashine, nani apewe pombe, na nani asubiri chini ya uangalizi. Wenzake walikuja kumsaidia. Mtu mmoja, jirani wa Abeli aliyekuwa akiishi peke yake, alikutwa amekufa kitandani kwake Mlali. Hakuwa na wa kumsikilizia pumzi. Waliobaki wote walipona, ingawa si wote waliondoka na macho waliyokuja nayo.

Gerson hakuamka. Asidi ilipungua katika damu yake, Asma alimwonyesha Yudith namba zikirudi karibu na zinapotakiwa, lakini ubongo ulikuwa umeshaumia. Kesho yake, adhuhuri, wakati Evodia akiwa amemshika mguu kwa sababu mikono yote ilikuwa na mirija, pumzi yake iliyokuwa imetulia ilipungua zaidi, ikakoma.

Yudith alilia baadaye. Kwanza alimfuata Asma kwenye korido.

"Niambie kweli. Ningesema asubuhi ile uliponiuliza, angepona?"

Asma alikuwa na haki ya kusema uongo wa huruma, na Yudith aliona jinsi uongo huo ulivyofika mdomoni mwake na kurudi.

"Sijui, mama. Alikuja akiwa ameshachelewa sana. Inawezekana angekufa vilevile. Inawezekana asingekufa." Akafuta macho kwa ukingo wa mtandio. "Ila hao waliojaa wodini wako hai kwa sababu ulisema."

Lilikuwa jibu la haki, na kwa miezi mingi Yudith alilibeba kama lilivyo, pande zote mbili, bila kuweza kutua hata mmoja.

Walimzika huko Mkonze, nje kidogo ya mji, kwenye kiwanja alichonunua akitarajia kujenga. Mchungaji alimuuliza kwa upole kama angependa isemwe tu kwamba marehemu aliugua ghafla. Yudith alikataa. Alisema Kongwa nzima imeshasikia, na aliomba habari ya kifo isomwe kama ilivyokuwa: alikaa miaka bila kunywa, akanywa siku aliyomzika kaka yake, na kinywaji kilikuwa na sumu. Wakati inasomwa wanawake kadhaa waliinamisha vichwa. Baada ya hapo baadhi yao waliacha kumletea waume zao waombewe. Wengine walikuja zaidi kuliko zamani, wakakaa tu kwenye mkeka wake bila kuomba chochote. Aliyeuza ile galoni alikuwa ametoweka kabla polisi hawajafika Mlali, na hadi leo hajulikani alipo.

Msimu wa mvua ulipoanza, Elieza alikuja Nkuhungu. Evodia ndiye aliyemwona getini akiwa na fimbo, anatafuta kitasa mahali pasipo na kitasa. Alikuwa anaona kivuli na mwanga. Sura za watu hazioni tena.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, kuna ngazi moja."

Alimkalisha, akapakua ugali na kisamvu. Elieza hakugusa chakula.

"Mimi ndiye niliyenunua," alisema. "Nilitaka wazee wamkumbuke baba kwa heshima. Nilienda kwa yule mtu mwenyewe, nikaonja kidogo, nikaona ni kali, nikafurahi. Nikamjazia baba mdogo kikombe. Alikataa, mama mdogo. Alisema ameacha. Nikamwambia, hata leo? Hata kwa baba? Ndipo akapokea."

Yudith hakuwa amejua hilo. Aliinuka akaenda dirishani, akasimama akiwa amempa mgongo. Elieza alisubiri, uso umegeukia mahali alipokuwa ameisikia sauti yake mara ya mwisho, ambapo sasa palikuwa na kiti kitupu. Kuona vile ndiko kulikomrudisha.

"Daktari aliniuliza kama amekunywa," alisema Yudith akikaa tena. "Nikasema hapana. Nikakaa kwenye benchi asubuhi nzima najua, na nimenyamaza."

"Hukujua ni sumu."

"Na wewe hukujua."

 Mvua ilianza kugonga bati, nyepesi kwanza, na Evodia alitoka kuanua nguo. Hatimaye Yudith aliisogeza sahani, akauchukua mkono wa Elieza na kuuonyesha ugali ulipo, kisha mboga ilipo.

"Kula, chakula kinapoa."

Elieza alikula akilia, na Yudith hakumwambia anyamaze. Mvua ilipokatika, Evodia alimshika mkono akamsindikiza kituoni, wakizunguka madimbwi polepole, Evodia akimwambia wapi akanyage. Yudith aliwatazama mpaka wakakata kona. Kisha akaingia ndani, akakusanya vyombo, akaanza kuosha.